Printa isiyo na waya katika nyumba ya mawe, Mikindani

Mama alipopata kiharusi mwanzoni mwa 2024 nilihamishia kazi yangu chumbani kwake. Kazi yenyewe ni ya kuchapa: kadi za michango ya harusi na unyago, risala, ratiba za mazishi, barua za kuombea kazi, na mitihani ya shule moja ya awali hapa jirani. Laptopu haina neno, inakaa popote. Shida ilikuwa printa. Ile ya zamani ilikuwa ya waya wa USB wa mita moja na nusu, kwa hiyo ilipo laptopu nayo ipo, na kila ilipoanza kukoroma mama alizinduka usingizini. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado hauna nguvu, na akishtuka bega linamuuma. Nikaazimia printa ikae chumba cha nyuma, mimi nikae na mama, kazi ipite hewani.

Hilo ndilo nililolitaka kwa printa hii na ndilo ninaloipimia.

Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwa sababu mengi yaliyonisumbua hayakutoka kwake. Ni printa ya matangi ya wino, rangi nne. Inaprinti, inaskani na kutoa kopi. Ina kiskrini cha mistari miwili na vitufe vya mishale. Epson, Canon, HP na Brother wote wanazo za namna hii, na ukishaielewa moja umezielewa karibu zote. Mdogo wangu anayeishi Dar aliinunua Kariakoo kwa shilingi 620,000, akaipakia kwenye basi Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024.

Watu wa Kusini tunaikumbuka wiki ile. Kimbunga Hidaya kilikuwa njiani, mvua ikapiga Kilwa na Lindi hadi barabara ikakatika maeneo ya Somanga, magari ya kutoka Dar yakalala upande wa pili. Printa ilifika stendi ya Mtwara Jumamosi ya tarehe 11, boksi limelowa kona moja. Nililifungua palepale mbele ya karani wa mizigo, nikakuta maji hayakupita plastiki ya ndani. Nikapanda bajaji mpaka Mikindani nimeipakata.

Kujaza wino ni kazi nyepesi. Kila chupa mdomo wake unaingia kwenye tangi la rangi yake tu, huwezi kukosea. Ukimaliza, mashine yenyewe inavuta wino kwenye mirija kwa kama robo saa; usiizime wakati huo, na meza iwe imekaa sawa. Nikalala nimefurahi, nikijua asubuhi ni kuunganisha tu.

Asubuhi ya Jumapili intaneti ikapotea. Haikuwa kwetu peke yetu: mikongo ya chini ya bahari inayotuletea intaneti Afrika Mashariki ilikuwa imepata hitilafu, na tarehe 12 Mei ile nchi nzima ililalamika. Nami mkononi nina karatasi ya maelekezo iliyotoka kwenye boksi, hatua ya kwanza inasema pakua programu ya kampuni kwenye simu. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakishuki kitu. Nilikuwa na kadi 120 za watu wa Chikongola na walizitaka Jumatano.

Nikampigia fundi mmoja mjini. Akasema printa ya Wi-Fi haiunganishwi bila intaneti, nisubiri irudi ndipo aje, malipo 40,000 pamoja na nauli. Nilimwamini. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana wapo wengi wanaojibiwa hivyohivyo na hawana wa kumwuliza tena.

Mimi nilikuwa naye. Ni mtoto wa mama mdogo, yuko Lindi, anashughulika na mitandao ya kompyuta maofisini. Simu ya sauti ilikuwa inapita vizuri.

"Dada, rauta inawaka?"

"Inawaka."

"Taa ya Wi-Fi je?"

"Ya kijani. Ila ile ya intaneti imekuwa nyekundu."

"Basi mtandao unao. Ulichokosa ni intaneti."

Nikamwomba anifafanulie, maana kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja. Akaniuliza: "Wiki iliyopita barabara imekatika Somanga. Ulishindwa kumpelekea mama mkubwa uji chumbani?" Nikasema la. "Intaneti ni barabara ya Dar. Mtandao wa nyumbani ni korido yako. Rauta imesimama mlangoni, inahudumia huku na huku. Barabara ikikatika, korido iko palepale. Printa na laptopu zinakutana koridoni."

Tangu siku ile nimewarudia watu maneno hayo mara nyingi, na sijamwona asiyeyaelewa. Kuprinti ndani ya nyumba hakuli bando. Faili linatoka kwenye laptopu, linafika kwenye rauta, linaingia kwenye printa, basi. Inayohitaji intaneti ni ile programu ya simu, kwa sababu lazima uipakue, na baadhi ya kampuni wanataka ufungue na akaunti. Ila si lazima upitie mlango huo. Kama printa yako ina skrini na vitufe, inaweza kuingia kwenye mtandao yenyewe.

Tukaenda kwenye menyu: mtandao, Wi-Fi, tafuta. Ikatafuta kama nusu dakika ikaleta majina matatu, yote ya majirani. La kwangu halimo. Simu inaliona, laptopu inaliona, printa hailioni, na hapo nilikuwa nimeiweka sebuleni, mita tatu kutoka kwenye rauta.

Ndugu yangu hakukawia kujua. Rauta nyingi za siku hizi zinarusha mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi zaidi, lakini hayaendi mbali na ukuta unayachosha. Ya 2.4 kasi yake ni ndogo kidogo na yanapenya vizuri zaidi. Printa nyingi za nyumbani zina sikio la 2.4 peke yake. Kijana aliyenifungia rauta mwaka uliotangulia alikuwa ameizima 2.4, akaniambia ya 5 ndiyo ya kisasa. Simu zetu hazikuona tofauti. Printa ilikuwa kama mgeni anayepigiwa hodi kwa sauti asiyoisikia.

Kuiwasha hakukuhitaji intaneti pia. Kwenye laptopu nilifungua kivinjari, mahali pa anwani nikaandika 192.168.1.1, na ukurasa wa rauta ukafunguka. Namba hiyo si moja kwa rauta zote. Yako imeandikwa kwenye stika chini yake, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Nikawasha 2.4, nikaipa jina lake lililo tofauti na la 5 ili nisichanganye, usalama nikauweka WPA2, aina mojawapo ya ulinzi wa Wi-Fi. Hapo pia pana mtego: ukiweka WPA3 peke yake, printa za miaka iliyopita zinagoma kuingia hata kama neno la siri ni sahihi.

Nikauliza swali ambalo naulizwa na mimi kila mara sasa: kama printa iko kwenye 2.4 na laptopu iko kwenye 5, zitaonana? Zitaonana. Rauta ni moja, korido ni moja, milango tu ndiyo miwili.

Printa ikatafuta upya. Jina likaja.

Kilichofuata ni kuandika neno la siri, na hapa niseme kwa kirefu kwa kuwa karatasi ya maelekezo imepitia kwa mstari mmoja tu. Kiskrini kinaonyesha herufi moja kwa wakati. Mshale wa juu unapandisha: a, b, c. Ukiushikilia unakimbia, ukiachia umeshapita unapotaka, urudi kwa mshale wa chini. Herufi ndogo kwanza, kisha kubwa, kisha tarakimu, kisha alama. Ukiipata herufi unabonyeza mshale wa kulia kwenda nafasi inayofuata. Ukibonyeza OK badala ya mshale wa kulia, umetuma neno nusu na unaanza upya. Neno langu lilikuwa na herufi 14, ndani yake mna I kubwa, l ndogo na tarakimu 1, na kwenye kiskrini kile zote tatu ni vijiti vilivyosimama.

Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu mama, niliyekuwa nimemkalisha kwenye kiti karibu na mlango, akanyoosha mkono wa kushoto akaomba ile karatasi. Mama alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Tangu kiharusi maneno yalikuwa yanamtoka taratibu, moja moja, na mara nyingi alikata tamaa katikati. Siku ile akaanza kunisomea: "Em... ndogo. I... kubwa. Siyo moja. I." Nikiandika, anasubiri. Nikiitika, anaendelea. Alisoma zote 14 bila kuruka, na ya mwisho akaitamka kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia ubaoni. Taa ya Wi-Fi ya printa, iliyokuwa ikipepesa tangu asubuhi, ikatulia.

Nikaingia tena kwenye menyu nikachagua kuprinti taarifa ya mtandao. Karibu kila printa inayo, na nakusihi usiiruke. Ikatoka karatasi moja: jina la mtandao, nguvu ya mawimbi, na anwani ya IP, yaani namba ya printa ndani ya mtandao, 192.168.1.7. Ukiona anwani inaanza na 169.254, ujue printa haijapewa namba na rauta; imejibunia yake, na hakuna kitakachoifikia. Rudi ukaunganishe upya.

Kwenye laptopu yangu, ya Windows 10, niliingia mipangilio, nikaenda kwenye printa na skana, nikabonyeza kuongeza. Kwanza haikuiona. Laptopu ilikuwa imeuchukulia mtandao wa nyumbani kuwa ni wa hadharani, kama wa stendi, kwa hiyo ilijificha. Nikaubadilisha uwe wa binafsi, printa ikajitokeza, ikajisakinisha kwa draiva, programu ndogo ya kuiendeshea printa, iliyokuwemo tayari ndani ya Windows. CD iliyokuja kwenye boksi sikuigusa. Laptopu yangu haina pa kuiingizia. Programu kamili ya kuskania ndiyo iliyosubiri intaneti irejee vizuri, siku chache baadaye. Kadi za Chikongola zilitoka Jumanne usiku.

Nieleze njia moja fupi ambayo sikuitumia. Rauta nyingi zina kitufe cha WPS. Unakibonyeza, kisha ndani ya dakika mbili unabonyeza cha printa, vinaunganika bila kuandika neno la siri. Kwenye rauta yangu WPS ilikuwa imezimwa na ndugu yangu hakutaka niiwashe. Tangu 2011 inajulikana kwamba namba ya siri ambayo WPS inaikubali pia badala ya kitufe, yenye tarakimu nane, inaweza kukisiwa na mtu aliye nje, kwa sababu rauta huikagua nusu kwa nusu na majaribio yanayohitajika hayazidi 11,000. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Kama printa yako haina skrini, na kitufe hicho ndicho njia pekee, kitumie, kisha uingie kwenye rauta uizime WPS.

Baada ya kuunganisha ndipo nikaihamishia chumba cha nyuma, na nyumba yenyewe ikaanza kuleta maneno. Tunaishi nyumba ya bibi, ya kale, mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zinakaribia unene wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Joto la Januari haliingii, wala mawimbi hayapiti kirahisi. Rauta ilikuwa dirishani sebuleni, ikimwaga nusu ya nguvu yake baharini. Kati yake na printa palikuwa na kuta mbili. Barua ya kurasa mbili ilipita. Kadi yenye picha ya maharusi ilifika katikati, printa ikasimama na karatasi mdomoni, ikakaa, ikamalizia baada ya dakika nzima, na pale iliposimama pakabaki mstari mweupe juu ya shela la bibi harusi. Karatasi ngumu ya kadi ni ghali; sikuweza kuendelea hivyo.

Nikatoa taarifa ya mtandao nyingine, ikaandika mawimbi dhaifu. Nikahamisha rauta kutoka dirishani, nikaiweka kwenye rafu ya korido juu ya usawa wa mlango, pasipo na ukuta kati yake na mlango wa chumba cha nyuma. Mlango ni wa mbao, na mbao haizuii kama jiwe. Taarifa ya tatu ikaandika nzuri sana. Karatasi zote tatu ninazo, nimezibandika ukutani juu ya printa, na mteja akinijia na tatizo kama hilo namwonyesha. Kama nyumba yako ni ya tofali za kawaida huenda usione tofauti kubwa. Kwa nyumba za Mikindani za zamani, mahali pa rauta pana uzito kuliko aina ya printa.

Yalipita majuma matatu ya raha. Kisha umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri, na asubuhi laptopu ikaandika kwamba printa haipo mtandaoni. Nikaenda kuitazama: imewaka, taa ya Wi-Fi imetulia, haina kosa. Nikazima nikawasha vyote. Haikusaidia. Nilikuwa na mitihani ya watoto 46 na mwalimu mkuu alikuwa anakuja saa tatu.

Nikaprinti taarifa ya mtandao kwa vitufe vya printa. Anwani ya IP: 192.168.1.12. Hapo nikaelewa mwenyewe, bila kupiga simu Lindi. Rauta inagawa namba kwa vifaa kadiri vinavyoingia, kama mwenye nyumba ya wageni anavyogawa funguo za vyumba. Umeme ulipokatika wote walitoka. Uliporudi simu zikawahi kuingia, printa ikapewa chumba kingine. Laptopu ilikuwa bado inagonga chumba namba 7.

Dawa yake ni kuitengea printa chumba cha kudumu. Kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya kugawa anwani, mna mahali pa kufungia namba kwa kifaa kimoja. Kinachotakiwa ni anwani ya MAC ya printa, yaani utambulisho wake wa kiwandani, herufi na tarakimu 12, nayo imeandikwa kwenye ile taarifa ya mtandao. Niliipa 192.168.1.50, mbali na namba ambazo simu zinazigombania. Kisha nikaiondoa printa kwenye laptopu na kuiongeza upya kwa anwani hiyo. Tangu Juni 2024 umeme umekatika mara nisizoweza kuzihesabu, na printa imerudi chumba chake kila mara. Wanaozirudisha printa zao dukani wakisema zinapotea hewani, nawaomba wajaribu hili kwanza. Mimi nilibakiza nusu saa kuirudisha ya kwangu kwenye boksi.

Kuhusu umeme wenyewe: printa naichomeka kwenye kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi. Rauta niliinunulia betri yake ndogo, kwa hiyo ukikatika mchana laptopu na rauta zinaendelea, printa tu ndiyo inayosubiri. Kazi nilizotuma zinajipanga kwenye laptopu na kutoka umeme ukirudi.

Mpangilio mwingine wa kubadili mapema ni ule wa kujizima. Printa yangu ilikuja imewekwa ijizime yenyewe ikikaa saa kadhaa bila kazi. Kulala na kuzimika ni vitu viwili: ikilala, kazi inayotumwa inaiamsha; ikizimika, lazima mtu aende kubonyeza. Mimi niliinunua ili nisinyanyuke karibu na mama, kwa hiyo nilizima kujizima, nikaacha kulala.

Wateja nao. Wengi wanaleta kazi ikiwa kwenye simu, wanataka waprinti wenyewe. Simu za Android nyingi zinaiona printa bila kuongezewa kitu, na iPhone zinayo AirPrint, njia yake ya kuprinti hewani, tangu 2010, mradi simu iwe kwenye mtandao mmoja na printa. Zamani nilikuwa nawapa neno langu la siri. Nimeacha. Mwenye neno hilo anaona kila kilichomo koridoni, na laptopu yangu ina vyeti na barua za watu. Nikafungua mtandao wa wageni kwenye rauta, na mara ya kwanza tu mteja akasema printa haionekani. Ni kweli: mtandao wa wageni umetengenezwa hivyo, unampa mgeni intaneti na kumfungia mlango wa ndani.

Suluhisho lilikuwamo kwenye printa yenyewe. Inaitwa Wi-Fi Direct. Printa inarusha mtandao wake mdogo, jina linaanza na DIRECT, lina neno lake la siri, na simu ya mteja inaunganika nayo moja kwa moja bila kupita kwenye rauta. Nimeandika neno hilo kwenye kikaratasi kilichobandikwa pale pale, na kila mwezi nalibadilisha. Anayesimama chumba cha nyuma anaprinti, anakata unganisho, anakwenda zake. Kwa mtu anayefanya kazi kama yangu nyumbani, hii peke yake inatosha kuchagua printa yenye Wi-Fi Direct kuliko isiyo nayo, na ni vizuri kumwuliza muuzaji akuonyeshe kwenye menyu kabla hujalipa.

Mengine kwa ufupi. Wino mweusi wa mashine hii umenifikisha mbali. Nimejaza tangi jeusi mara nne tangu siku ya kwanza, ya rangi mara mbili. Nunua chupa za kampuni husika, zile za bei ya chini zilizochanganywa mtaani zinaziba tundu za kichwa. Kama wiki imepita bila kazi ya rangi, toa ukurasa mmoja wa rangi ili zisikauke. Kasi yake kwa maandishi nimeridhika nayo, kwa picha ni ya polepole. Skana ni nzuri kwa vyeti, hafifu kwa picha za zamani. Karatasi ndiyo adui wa mtu wa pwani: rimu ikikaa wazi siku mbili inavuta unyevunyevu wa bahari, zinagandamana na printa inavuta tatu kwa pamoja. Nazihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, natoa zinazohitajika kwa siku hiyo.

Nisichokipenda kimebaki kimoja, nacho ni karatasi ya maelekezo. Kurasa nzima za kupakua programu, hakuna neno kuhusu 2.4 na 5, hakuna kuhusu kutenga anwani, hakuna Kiswahili. Printa inauzwa Tanzania, mnunuzi wa Newala au Nachingwea anaifungua peke yake mezani, na mstari mmoja wa kumwambia kwamba hahitaji intaneti ungemwokolea siku mbili na pesa ya fundi.

Printa yenyewe ningeinunua tena kesho. Leo mchana nilikuwa na risala ya kurasa sita, nakala 30. Niliituma nikiwa nimekaa mkekani kando ya kitanda cha mama, mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Nilitega sikio nikasikia bahari na pumzi zake tu. Alipoamka saa kumi nilikuwa nimeshazibana kurasa, akaniomba moja aisome kwa sauti.